Namba ya Simu ya Bure Isiyosahaulika: Somo kwa Kamati za Miradi

Somo la robo hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini limewahi kutugharimu: namba ya simu ya mradi.

Miaka michache iliyopita pampu ya kisima katika mtaa mmoja wa eneo letu iliharibika. Kilichokatika ni kipuri kidogo, tena tulikuwa nacho stoo. Hata hivyo akina mama walirudi kuchota mtoni kwa siku kumi na tisa. Namba ya fundi ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye zege la kisima, lakini fundi alikuwa amebadilisha laini. Namba ya ofisi ilikuwa kwenye karatasi ya mkutano, karatasi ilikuwa kwa katibu, na katibu alikuwa safarini. Nilipofika, bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, simu hatukukosa. Tulikosa pa kupiga."

Namba ya bure ni nini?

Ni namba ambayo anayepiga halipi. Anayepigiwa ndiye hulipa. Kwa hiyo neno "bure" lisitudanganye: gharama ipo, ila imehamishwa. Nchini Marekani kampuni ya AT&T ilianza huduma hii mwaka 1967, na namba zake zikajulikana kwa tarakimu 800. Uingereza ilianza kutumia 0800 mwaka 1985. Hapa Tanzania pia namba za bure huanza na 0800. Watu wetu wa vijijini nao walibuni njia yao mapema: kubipu. Anayebipu anasema, "Nina shida, lakini sina vocha." Kamati isidharau ujumbe huo.

Kwa nini ikumbukike?

Mwenye shida mara nyingi hana karatasi mkononi. Wamarekani walijifunza hili katika huduma ya kuwasaidia watu wanaofikiria kujiua. Kwa miaka mingi namba yake ilikuwa 1-800-273-8255. Tarehe 16 Julai 2022 ilifunguliwa namba ya tarakimu tatu tu: 988. Ile ya zamani haikufungwa, ili aliyeizoea asipotee. Hapa kwetu tunazo 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya watoto.

Biashara nazo hutafuta wepesi huo huo. Marekani hutumia herufi zilizo kwenye vitufe vya simu. Muuza maua Jim McCann wa New York alinunua katika miaka ya 1980 kampuni yenye namba 1-800-FLOWERS, yaani "maua", akaipa biashara yake jina hilo. Kampuni hiyo ilikuja na madeni ya mamilioni ya dola, na ilimchukua miaka kujikwamua. Namba nzuri haifuti hesabu mbaya. Tena katika miaka ya 1990 AT&T ilitangaza namba iliyosomeka OPERATOR; washindani wao MCI walikuwa na ile ya OPERATER, wakapokea simu za waliokosea tahajia. Ukichagua neno, chagua ambalo kila mtu huliandika namna moja.

Kwa Kiswahili neno MAJI kwenye vitufe ni 6254. Inapendeza, lakini bibi yule asiyesoma herufi atafanya nini? Kwetu nashauri tarakimu zenye mpangilio. Tazameni namba ambazo Mamlaka ya Mapato (TRA) imezitangaza: 0800 750 075 na 0800 780 078. Itamkeni ya kwanza kwa sauti: sabini na tano, sifuri sifuri, sabini na tano. Mtoto aliyetumwa ataifikisha salama.

Hatua za kufuata

1. Hesabuni kwanza. Tuseme mnapokea simu 200 kwa mwezi, kila moja dakika tatu, na kampuni inatoza shilingi 60 kwa dakika. Hizo ni shilingi 36,000 kwa mwezi, au 432,000 kwa mwaka, kabla ya ada nyingine. Ulizeni viwango halisi na mvipate kwa maandishi.

2. Nendeni kwa kampuni ya simu yenye leseni. Namba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ombeni orodha ya namba zilizo wazi, na ulizeni kama namba ya mpangilio mzuri ina bei ya ziada.

3. Ulizeni swali hili bila aibu: je, itapigika bure kutoka mitandao yote, au huu mmoja tu? Namba inayokataa nusu ya kijiji haijawa ya bure.

4. Isajilini kwa jina la taasisi, kamwe si la mwenyekiti wala fundi. Tangu Machi 2017 mteja wa simu ya mkononi anaweza kuhama mtandao na namba yake. Basi iwe mikononi mwa taasisi, fundi abadilike na namba ibaki.

5. Ijaribuni kabla ya kuichapa. Wasomeeni wazee watano namba hiyo mara moja baada ya ibada. Jumapili inayofuata waulizeni. Wakiikumbuka watatu, endeleeni.

6. Pangeni zamu ya kupokea, na daftari la kuandika jina la kisima, saa na hatua iliyochukuliwa. Namba ya bure isiyopokelewa huumiza kuliko kutokuwa na namba.

Neno kwa wafadhili

Mara nyingi bajeti huwa na fedha za uzinduzi, mabango na fulana, lakini haina fungu la kulipia simu katika mwaka wa tatu. Namba ikikatwa, bango hubaki ukutani likiahidi uongo. Tunaomba fungu hilo lionekane tangu mwanzo, na kamati ioneshe ni lini mapato ya mradi yataanza kulibeba.

Sisi tulifanya nini?

Tulipopiga hesabu tuliona kwamba kwa visima vinne tulivyokuwa navyo wakati ule, namba ya 0800 ilikuwa mzigo. Tulichukua laini ya kawaida yenye tarakimu nyepesi, tukaisajili kwa jina la dayosisi, tukaichonga kwenye zege la kila kisima na kutangaza: "Bipu, tutakupigia." Tumekubaliana kuirudia hesabu kila mwaka kadiri visima vinavyoongezeka. Pampu ya mtaa ule iliharibika tena baadaye. Bibi yule ndiye aliyebipu, asubuhi hiyo hiyo, na kesho yake maji yalitoka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Namba ya mradi wetu imesajiliwa kwa jina la nani?
2. Ni wajumbe wangapi wanaoweza kuitaja sasa hivi bila kutazama?
3. Mtu asiye na vocha atatufikiaje?
4. Simu ikiita saa mbili usiku, nani atapokea?