Rafiki Yangu Amerudi, Lakini Haongei

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi pikipiki hapa Malakia, Juba. Kiswahili nilikipata kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, nilikosomea. Nina rafiki ambaye kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tukivuka daraja la Nile kwenda upande wa Gondokoro na ndoano zetu, tukavua kambare na sato hadi magharibi. Siri zangu zote anazo. Mapigano ya Julai 2016 yalipozuka, yeye na watoto wake waliishia kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, Uganda. Mimi nilibaki na mama. Namba yake ilinipotea. Mwaka jana alirudi. Nikimwita mtoni anakuja, ila hasemi neno. Nikimuuliza ya kambini, anakunja mshipi na kwenda zake. Mke wangu anasema nitafute rafiki mwingine. Je, urafiki wetu umekufa?

Mvuvi wa Jumapili, Malakia

Marahaba mwanangu,

Haujafa. Mtu aliyekuchoka hawezi kuja kukaa nawe juani Jumapili baada ya Jumapili.

Barua yako karibu yote inahusu kimya chake. Chako umekigusa kwa maneno matatu tu: namba yake ilinipotea. Hapo ndipo penye kidonda. Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikuwa ya hatari miaka ile, na sikulaumu kwa kutokwenda. Lakini malori na mabasi yalikuwa yakipita, na salamu husafiri na watu. Malakia ni mtaa wa zamani, watu wanajuana. Usingekosa shangazi yake au jirani wa kumpa ujumbe. Naye huko aliwaza nini? Bidibidi ilifunguliwa Agosti 2016, na hadi mwaka unaisha ilikuwa na watu zaidi ya 270,000. Mwanzoni maji yaliletwa kwa malori. Mwenzako, aliyezoea Jumapili zake kando ya Nile, alipanga foleni na dumu lake akisubiri maji, wala hakusikia kutoka kwako hata kama u hai.

Basi acha kumuuliza ya kambini. Hayo ni yake. Atayasema siku akitaka, na asipotaka hana deni kwako. Mwenye deni ni wewe. Mwambie: "Ndugu yangu, sikukutafuta. Nisamehe." Usianze kueleza jinsi namba ilivyopotea, maana hapo utakuwa unajitetea.

Kisha endeleeni kuvua. Mtoni mtu anaweza kunyamaza bila kuonekana mwenye kiburi, kwa kuwa macho yote yako kwenye mshipi, na nadhani ndiyo maana anakubali kuja. Miezi ya mvua vueni mkiwa ukingoni, mtumbwi uacheni. Maji hapo yana nguvu, na mamba wapo. Ukisikia halali usiku, au anashtuka ovyo kwa kila kishindo, zungumza na jamaa zake wampeleke kwa daktari. Hilo kimya cha rafiki peke yake hakilitibu.

Mkeo anaona unarudi nyumbani na huzuni, ndiyo maana anasema hivyo. Msomee jibu hili.

Wala usisubiri Jumapili. Leo jioni ukifunga kazi, nenda kwake ukamwombe radhi.