Kahawa ya jioni inaninyima usingizi

*Daktari, nina miaka 68. Zamani nilikunywa kahawa baada ya magharibi nikalala vizuri, sasa nakesha. Je, ini limechoka? — Msomaji, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Usiliogopee ini mapema. Kafeini huvunjwa na kimeng'enya cha ini, CYP1A2, na kwa mtu mzima nusu yake huondoka kwa takriban saa 5, ingawa watu hutofautiana sana. Uzeeni usingizi wenyewe huwa mwepesi, hivyo kikombe kilekile kinakufanya ukeshe. Kunywa kahawa asubuhi, mwisho adhuhuri. Chai ya rangi nayo ina kafeini.

Umeanza dawa mpya? Siprofloksasini, kwa mfano, huzuia kimeng'enya hicho. Mwulize mfamasia. Moyo ukienda mbio, au macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali.