Somo: Amri ya Saba na Mali ya Nchi

Mungu alipompa Musa Amri Kumi mlimani Sinai, katika amri ya saba alikataza wizi. Wakatekumeni wote wanaijua amri hiyo kwa moyo. Lakini wengi huifikiri kwa kuku wa jirani na muhogo wa shamba la mwenzao tu. Somo hili litaonyesha kwamba amri ya saba inalinda pia mali ambayo ni ya watu wote pamoja.

MFANO

Mtu mmoja alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili. Kijiji chake kilikuwa karibu na machimbo ya shaba, naye alikuwa mshika hesabu wa kamati ya kijiji. Siku moja ililetwa mifuko 60 ya simenti kwa kujenga vyumba viwili vya shule. Usiku, mtu yule akatwaa mifuko 12, akatengeneza sakafu ya nyumba yake. Simenti ikapungua. Chumba cha pili kikabaki bila sakafu, na watoto wa darasa la kwanza wakakaa chini katika vumbi.

Wazee walipomwuliza, akajibu: «Mimi sikuiba kitu cha mtu. Simenti hii ni ya kampuni na ya serikali. Haina mwenyewe.»

Je, alisema kweli?

MALI YA NCHI INA WENYEWE

Mungu aliumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote, si kwa ajili ya wachache. Eklezia imefundisha hivyo tangu zamani, na Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikumbusha jambo hilo mwaka 1965. Mtu anayo haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Lakini asisahau kwamba Mungu alitaka kila mtu apate riziki.

Sheria za Kongo nazo zinasema jambo lililo karibu na hilo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 58, inasema kwamba Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba serikali ina wajibu wa kuugawa kwa haki.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018, inaonyesha namna ya kugawa. Kampuni inayouza shaba hulipa ushuru wa 3,5 kwa mia ya thamani yake. Kobalti, iliyowekwa mwaka 2018 katika hesabu ya madini ya thamani ya pekee, hulipiwa 10 kwa mia. Tuchukue shaba ya thamani ya faranga 1.000.000. Ushuru wake ni faranga 35.000, nazo hugawanywa hivi:

– Serikali kuu: 17.500, ndiyo nusu.
– Jimbo: 8.750.
– Sheferi, sekta au komini yenye mgodi: 5.250.
– Mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo: 3.500.

Tena, mbali na ushuru huo, kampuni inapaswa kutoa angalau faranga 3 katika kila 1.000 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya vijiji vilivyo karibu na mgodi: shule, zahanati, visima, barabara. Simenti ya mfano wetu ilinunuliwa kwa fedha za namna hiyo.

Basi simenti ile ilikuwa na wenyewe. Wenyewe ni watoto wa darasa la kwanza, na mama zao, na wazee wa kijiji. Hata watoto wa mwizi mwenyewe. Aibaye mali ya mtu mmoja humkosea mtu mmoja. Aibaye mali ya wote huwakosea wote, na zaidi maskini, kwa maana tajiri aweza kumpeleka mtoto wake shule nyingine.

ZAKAYO NA DENI LA KURUDISHA

Mtakatifu Luka anasimulia habari za Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Alikuwa tajiri, na watu walimchukia. Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakutosheka na kulia na kuomba msamaha. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Mtu wa mfano wetu alisikia habari hizo katika mafundisho, na moyo wake ukamchoma. Akamwendea Padri, akauliza: «Ubatizo unaondoa dhambi zote. Je, nikibatizwa siku ya Pasaka, si nitakuwa nimemaliza?» Padri akajibu: «Ubatizo utaondoa dhambi yako. Lakini watoto watakaa bado katika vumbi, na wewe utatembea juu ya simenti yao.»

Mtu yule hakuwa na fedha. Akakiri mbele ya kamati na kuacha kazi ya hesabu. Akauza baiskeli yake, akanunua mifuko minne. Iliyobaki aliilipa kidogo kidogo kwa mahindi ya shamba lake. Mfuko wa mwisho ulifika baada ya mavuno mawili, na katika Pasaka iliyofuata akabatizwa.

MAULIZO NA MAJIBU

1. Mali ya serikali ni ya nani?
Ni ya raia wote. Viongozi ni watunzaji tu.

2. Mtu akisema, «Wakubwa wanaiba zaidi yangu,» je, ana ruhusa ya kuiba kidogo?
Hapana. Wakubwa watatoa hesabu yao mbele ya Mungu, naye atatoa yake.

3. Je, tajiri anayemnyima mfanyakazi mshahara wake ni mwizi?
Ndiyo. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba kumpunja mfanyakazi ni kosa kubwa.

4. Je, Mkristu hukosa heima kwa wakubwa akiuliza fedha za sheferi zimefanya kazi gani?
Hakosi, kama anauliza kwa upole na ukweli, pasipo matusi wala uongo. Mtunzaji mwaminifu haogopi kuulizwa hesabu.

5. Mwizi aliyetubu afanye nini?
Arudishe alichokitwaa, au thamani yake. Kama hawezi yote mara moja, arudishe kidogo kidogo.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni atafute moyoni mwake kama katika nyumba yake kuna kitu cha shule, cha zahanati, cha misioni au cha kijiji. Akikiona, akirudishe kabla ya Jumapili.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani mwa Zakayo, ingia na katika nyumba zetu. Utuonyeshe kilicho cha wengine, utupe nguvu ya kukirudisha. Amina.