Somo: Kuunganisha Mitungi ya Shinikizo na Ardhi

Huko Mgololo, wilayani Mufindi, ndiko kilikojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi. Katika kazi ya namna hiyo vipande vya mbao hupikwa kwa dawa za soda ndani ya mitungi ya chuma, chini ya shinikizo, kwa joto la nyuzi 170 hivi. Mbao za misonobari hutoa pia mvuke wa tapentaini, nao hushika moto. Ndiyo sababu mitungi ya aina hiyo huunganishwa na ardhi, ingawa haitumii umeme.

Jambo hilo lilijulikana kwa bahati. Mwaka 1840, karibu na Newcastle nchini Uingereza, fundi wa boila alitia mkono mmoja katika mvuke uliovuja huku wa pili ukielekea kwenye valvu. Akapigwa na cheche. Uchunguzi wa William Armstrong na Michael Faraday ulionyesha kuwa matone ya maji yaliyomo katika mvuke husuguana na tundu yanapotoka, na msuguano huo huzaa umeme tuli. Armstrong akaweka boila juu ya miguu ya kioo, umeme ukakosa njia ya kwenda ardhini, na cheche ndefu zikaruka.

Miguu ya kioo haipo viwandani, lakini gasketi za mpira, rangi nene na kutu hufanya kazi ile ile. Ili umeme tuli upite, hata ukinzani wa omu milioni moja hutosha. Mafundi lakini hutaka njia ya chuma isizidi omu 10, kwa kuwa kipimo kikizidi hapo, bila shaka pana nati iliyolegea au kutu.

Saa ya kuogopwa zaidi ni ya kusafisha. Tangi likifunguliwa, hewa huingia na kuchanganyika na mvuke wa mafuta. Mpira wa mvuke usiounganishwa na tangi waweza kuuwasha.

Chama chenye pipa la petroli kwa ajili ya trekta kina hatari iyo hiyo, maana cheche ndogo kuliko ile mtu awezayo kuihisi yatosha kuwasha petroli. Waya ufungwe kati ya pipa na debe la chuma kabla ya kumimina, ukafunguliwe mwisho. Dumu la plastiki lijazwe likiwa chini ardhini, kamwe si juu ya turubai la gari. Katibu aandike daftarini tarehe ya kila kipimo cha waya wa ardhi, pamoja na jina la aliyepima.