Mkuki Mfupi na Hesabu ya Umbali

Mahongole iko karibu na Makambako, mahali ambapo barabara itokayo Songea kupitia Njombe inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Mwanafunzi akitazama ramani ya hapo ataona pia njia iliyopitiwa na silaha moja mashuhuri ya karne ya 19: mkuki mfupi wa kuchoma.

Hapo kale wapiganaji wa nyanda hizi walitegemea mikuki myepesi ya kurusha. Mkuki uliorushwa una kasoro mbili: huweza kukwepwa, na ukikosa shabaha humwachia adui silaha. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, walikuja na mkuki wenye mpini mfupi na bapa pana, usioachwa mkononi. Wasangu waliopigana nao waliiga mbinu hiyo, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu. Hakuna kiwanda kilichohitajika. Wahunzi wa nchi hizi walijua kufua chuma.

Silaha hiyo ilikuwa na sharti moja, yaani kumfikia adui upesi. Hebu tufanye hesabu. Mtu akikimbia mita 5 kwa sekunde, mita 50 atazimaliza kwa sekunde 10. Bunduki ya kutia risasi moja moja, ikipiga mara 10 kwa dakika, itatoa risasi moja au mbili tu katika muda huo. Ndivyo ilivyokuwa Lugalo, karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Jeshi la Mkwawa lilijificha vichakani kando ya njia, likaushambulia ghafla msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa.

Sasa tubadili masharti. Uwanja uwe wazi wenye mita 400, na mlinzi awe na bunduki ya rashasha iliyo tayari, yenye kupiga risasi 500 kwa dakika. Mkimbiaji atahitaji sekunde 80, na katika muda huo risasi zaidi ya 660 zaweza kupigwa. Katika vita vya Maji Maji, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliielekea boma ya Mahenge wakiamini kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Wengi walikufa kabla ya kuifikia. Mwezi uliofuata Wabena walioishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, nao walirudishwa nyuma kwa bunduki.

Ushujaa wa watu hao haukupungua kati ya 1891 na 1905. Kilichobadilika ni umbali, muda na utayari wa adui.

Maswali:
1. Mkimbiaji akienda mita 4 kwa sekunde, mita 50 zitamchukua muda gani?
2. Kwa nini vichaka vya Lugalo vilikuwa sehemu ya silaha?
3. Waulize wazee wa kijijini kwenu jinsi chuma kilivyofuliwa zamani, kisha uandike maelezo yao.