Seli Zilalazo na Uwezo wa Kugawanyika Tena

Mkazi wa Rusimbi, mjini Kigoma, apandapo mbegu mbichi ya mchikichi, huenda akangoja miezi mingi bila kuona chipukizi, ijapokuwa udongo una maji ya kutosha. Wenye vitalu huipasha mbegu hiyo joto la nyuzi 38 hadi 40 za Sentigredi kwa wiki kadhaa, kisha huiloweka, ndipo huota. Mbegu hiyo haikufa, bali ililala. Seli za kiinitete chake zilisita kugawanyika, lakini uwezo wa kugawanyika ulihifadhiwa.

Mwili wa binadamu nao una seli za namna hiyo. Mvuvi akatwapo kidole na mshipi, seli za ngozi ziitwazo fibroblasti, ambazo zilikuwa zimetulia, huanza kugawanyika ili kuziba jeraha. Likipona, hutulia tena.

Seli hutulizwa na nini? Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake zote. Zipo protini zinazoisukuma kazi hiyo, na zipo zinazoizuia. Mojawapo ya vizuizi hivyo ni p21. Lakini p21 ikilazimishwa kuwa nyingi kwa siku kadhaa, seli haigawanyiki tena hata kizuizi kikiondolewa. Seli hiyo imezeeka.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Liyun Sang, Hilary Coller na James Roberts, walieleza tofauti iliyopo kati ya kulala na kuzeeka. Fibroblasti zilalapo, jeni iitwayo HES1 hufanya kazi. Protini yake huzinyamazisha jeni ambazo zingeipeleka seli kwenye uzee, au kuigeuza kuwa seli ya kudumu kama ya msuli. HES1 ilipozuiwa, seli zilizolala hazikuamka. Ilipoongezwa pamoja na p21, seli ziliweza kuamka.

Kwa hiyo seli iliyolala ina jeni zinazokesha. Mchikichi hutumia jeni nyingine, zinazoongozwa na homoni za mmea.

Ulinzi huo waweza kudhuru. Katika rabdomiosakoma, ambayo ni saratani ya misuli, HES1 husaidia seli zisikomae, nazo huendelea kuongezeka.

Maswali
1. Eleza tofauti kati ya seli iliyolala na seli iliyozeeka.
2. Kwa nini p21 peke yake haitoshi kuilaza seli kwa usalama?
3. Kidonda kingekuwaje iwapo fibroblasti zote zinazokizunguka zingekuwa zimezeeka?