Ficha Mpira Kabla ya Kumleta Nyangumi

Ukitaka kuandika sehemu ya tamthilia ya vichekesho ambamo mtu wa kuboronga anaishia kuwa shujaa, usianze kwa kutafuta moto wa kuzima au mtoto wa kuopoa kisimani. Anza na uongo mdogo, na ikiwezekana usitoke kinywani mwa shujaa mwenyewe.

Itazame "The Marine Biologist", sehemu ya tamthilia ya vichekesho ya Seinfeld iliyorushwa na NBC tarehe 10 Februari 1994. Itazame mara mbili, ya pili ukiwa na kalamu. Mhusika Jerry anakutana na Diane, aliyesoma nao chuoni yeye na rafiki yake George. Kwa kuwa George hana kazi, Jerry anamsitiri: anasema ni mtaalamu wa viumbe wa baharini. George angependelea kudanganya kuwa ni msanifu majengo, lakini joho ameshavishwa. Kwa sababu hakulishona yeye, tunamhurumia, na mtazamaji akishamhurumia mwongo atamfuata popote.

Wakati huohuo rafiki yao Kramer ana mipira 600 ya gofu na anakwenda kuipiga baharini. Anarudi mchanga umemjaa mpaka ndani ya nguo, analalamika kwamba hajui kupiga; ni mmoja tu aliupiga sawasawa, ukaenda mbali. Sisi tunacheka mchanga. Hapa ndipo penye ufundi wote, na ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko kwingine. Jambo litakalohitajika mwishoni limetajwa waziwazi, ila limetajwa chini ya kichekesho chenye kelele zaidi. Ungemfanya Kramer aseme tu habari ya ule mpira kisha atoke, kila mtu angeuwekea akiba kichwani. Kwa hiyo unapopanda mbegu, ipandie ndani ya tukio linalochekesha lenyewe, lisilomdai mtazamaji chochote.

Rafiki yao mwingine, Elaine, naye anaaibika kivyake: Jerry amemtania kuhusu jina la awali la kitabu cha Tolstoy, yeye akaamini, akamweleza mwandishi wa Kirusi kwa dhati kabisa. Angalia kwamba aibu zote mbili zimetoka katika mdomo mmoja. Ukiwa na visa vitatu, vipe angalau mzizi mmoja wa pamoja, hata kama hakuna atakayeugundua.

Halafu nyangumi. George anatembea ufukweni na Diane, watu wamekusanyika, nyangumi yumo hatarini, na anatafutwa mtaalamu wa viumbe wa baharini. Kinachomsukuma majini ni kuogopa kuumbuka mbele ya mwanamke. Usimpe ujasiri wa ghafla ambao hakuwa nao dakika kumi zilizopita. Woga uleule uliomfanya anyamaze ndio umwingize kwenye mawimbi.

Uokoaji hauonyeshwi. George anausimulia akiwa mgahawani, mbele ya rafiki zake, mpaka anapotoa mfukoni kitu alichokichomoa kwenye tundu la pua la nyangumi: mpira wa gofu. Maneno ya simulizi hiyo Larry David na Jerry Seinfeld, waundaji wa tamthilia hiyo, waliyaandika dakika za mwisho, kurekodi kukiwa kumekaribia, na Jason Alexander, aliyemwigiza George, akayakariri haraka. Sikusimulii haya ili uchelewe kazi yako. Ninachokuomba ni kwamba ukishamaliza muswada, usiku mmoja uusome ukiuliza swali moja tu: ni kisa gani hapa hakijagusana na kingine? Na kama huna fedha za bahari wala nyangumi, mwigizaji mmoja, meza moja na wasikilizaji watatu wanatosha, mradi mmoja wao ndiye aliyeupiga mpira.

Mwishowe mtoze shujaa wako gharama. Umati unashangilia, Diane anamkumbatia kwa machozi, na saa hiyohiyo George anaamua kumwambia ukweli. Diane anamfukuza kwa laana, naye anarudi nyumbani kwa basi.